Viota Alivyonificha

Niliviona hata kabla sijavua helmeti.

Cha kwanza kilikuwa juu ya mkuyu, matawi yamekunjwa na kushindiliwa kama tandiko, majani yake yamekwisha kukauka. Cha pili kilikuwa kwenye mti wa jirani. Cha tatu kilikuwa bado kibichi. Aliyelala humo alikuwa ameamka asubuhi ileile. Nikazima pikipiki, nikasimama kando ya kijito shingo nimeinua, nikahesabu mpaka saba. Hapo nikaacha kuhesabu.

Sokwe hujitengenezea kitanda kipya kila jioni. Penye viota pana sokwe, hakuna ubishi. Na kwa rekodi zote za miaka mitatu zilizokuwa kwenye kompyuta yangu, bonde la Mulwele halikuwa na kiota hata kimoja.

Aliyelipima bonde hilo alikuwa Manyanda. Manyanda wangu, ambaye mwezi wa kumi na mbili wazazi wake walikuwa waje kwetu Makanyagio kujitambulisha.

Mimi nafanya kazi kwenye shirika dogo la uhifadhi pale Mpanda mjini. Kazi yangu ni ramani. Watu wa porini wananiletea sehemu walizokuta viota, nami naiambia kompyuta: hapa wanalala, hapa pana mteremko, hapa pana maji, hapa pana miti ya namna hii, hapa pana nyumba za watu. Kompyuta inajifunza sokwe anapenda nini na anakimbia nini, halafu inapaka rangi eneo zima, kijani panapomfaa, nyekundu pasipomfaa. Sokwe waliobaki kwetu ni wachache na wametawanyika. Ramani hiyo ndiyo inayotuambia tukimbilie kuokoa wapi.

Manyanda alikuwa miguu yangu. Kila mwisho wa mwezi aliingia ofisini na vumbi lake, akaweka kifaa chake cha GPS mezani, wala hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti changu kuangalia nukta zake zikitokea moja moja kwenye kioo. "Hiyo ya juu hapo nilinyeshewa," aliniambia siku moja. "Nikawa nafikiria, sijui Restituta huko mjini ana mwavuli." Ndivyo ilivyoanza. Miaka miwili baadaye nilikuwa sijawahi kuitilia shaka nukta yake hata moja.

Lakini na mimi nilikuwa na langu moyoni. Wiki mbili nyuma kompyuta ilimaliza kazi, na Mulwele ikatoka vibaya. Miti inafaa, maji yanafaa, mteremko unafaa. Kasoro ni watu. Kuna kaya kumi na mbili za Wasukuma waliohamia miaka tisa iliyopita, na ya kwanza kabisa kando ya kijito ni ya Mzee Ezekia, baba yake Manyanda. Bosi wangu, Dokta Ladislas, aliandika pendekezo la mistari miwili: kaya hizo zihamishwe, bonde lipone, sokwe wapate njia ya kupita. Kikao cha kulijadili kilikuwa Jumatatu. Leo ilikuwa Jumamosi, na Manyanda nilikuwa sijamwambia neno.

Tangu siku ile nilikuwa siwezi kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka nje nasahau nilichofuata. Mama yangu, Mama Tereza, aliona, na akadhani amejua sababu. "Roho yako inakukataza," alisema. "Babu zetu walitundika mizinga kwenye msitu huu. Hao wenzio wanakuja na ng'ombe, miti inakwisha. Leo unataka kunizalia wajukuu wa kuchunga?" Sikumjibu. Alfajiri hii nikachukua pikipiki ya ofisi nikaondoka bila kumuaga, nimeazimia kumwambia Manyanda usoni. Nikapita njia ya chini, ya kijitoni, ambayo yeye hajawahi kunipitisha. Wiki iliyopita tu aliniambia nisiende huko, kuna nyoka.

"Resti?"

Manyanda alikuwa anateremka na ndama wawili kuwanywesha. Tabasamu lilikuwa limekwisha kuanza kwenye macho yake, lile la kwake la upande mmoja. Halafu akaona nilikokuwa naangalia. Tabasamu likaishia njiani.

"Nyoka wako wanalala juu sana," nikamwambia.

Ndama walimpita wakaenda majini.

"Vipo vingapi, Manyanda?"

"Resti, twende nyumbani kwanza, mama..."

"Vingapi?"

Alitazama chini. "Arobaini na kimoja. Nilivyoviandika mpaka mwezi wa tisa."

Nilidhani nitapiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo. "Miaka mitatu unasimama nyuma ya kiti changu. Unaniona naumiza macho kwenye kioo. Nakuuliza, Mulwele vipi? Unaniambia, Mulwele patupu."

"Nilianza kuvificha kabla sijakujua vizuri. Nilipokujua nikawa sijui pa kuanzia."

"Ungeanzia popote."

"Sikiliza." Alisogea hatua moja, nikarudi nyuma hatua moja, akaona, akasimama. "Mimi nimezaliwa njiani. Dada yangu Nyanzala kazaliwa kwingine, mdogo wetu kwingine. Hii ni nyumba ya nne ya baba, na kila tulipohama tuliambiwa hapa pana kitu cha maana kuliko nyie. Nilipoona kiota cha kwanza pale juu nikasema, basi, tunaondoka tena. Nikafikiri sokwe wakiwa hawapo, hakuna atakayelitamani bonde hili. Ni hivyo tu. Sikuwa na ubaya na wewe."

Maneno yake yalinichoma, kwa sababu nilijua yaliyokuwa kwenye begi langu. Nikayasema harakaharaka, kama mtu anayetoa mwiba. Kaya kumi na mbili. Zihamishwe. Jumatatu.

Manyanda alinitazama kama ananitafuta ndani ya mtu mwingine.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili." Alirudia polepole. "Jumapili ulikuwa hapa. Ulikula ugali wa mama. Alikuchagulia kipande cha kuku, akakuita mkwe. Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa natafuta namna ya..."

"Hata mimi nilikuwa natafuta namna."

Upepo wa mvua za kwanza ulikuwa unapita juu ya miti, na kila tawi lilikuwa halitulii. Nilitaka kuondoka. Nilitaka pia anizuie. Alikuwa na vumbi kwenye kope, na mkono wangu, bila aibu, ulikuwa unatamani kumfuta.

Hasira ilimrudia ghafla. "Na hiyo kompyuta yako ni ya ajabu. Inasema sisi tunawafukuza? Sokwe hao wamelala juu ya kichwa cha mama yangu miaka tisa. Wanasikia kinu chake, wanasikia ng'ombe, wanamsikia baba akikohoa. Wangekuwa wanatukimbia wangeshakimbia."

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hicho ulichosema. Kutoka hapa mpaka mlangoni kwa mama ni mbali kiasi gani?"

"Mita mia mbili. Labda na kidogo."

Nilikaa chini kwenye jiwe. "Manyanda, kompyuta haijui kitu. Inajua tulichoiambia. Nukta zote ulizoniletea zilikuwa za mbali na watu, milimani, mwendo wa saa nzima kutoka kwenye nyumba. Ikajifunza kwamba sokwe haishi karibu na mtu. Ikaangalia Mulwele, ikaona nyumba, ikasema hapa tatizo ni nyumba." Nilimwangalia. "Ungeniletea hizi arobaini na moja, isingejifunza hivyo."

Ilimchukua muda kuelewa. Niliona inavyomwingia, kwanza kwenye macho, halafu kwenye mabega.

"Unasema mimi ndiye niliyeandika tuhamishwe."

"Nasema tumeandika wote. Wewe ulificha, mimi sikuja kuangalia."

Alitaka kusema kitu, lakini nyuma yake kulisikika hatua. Mzee Ezekia alikuwa amesimama njiani na fimbo yake mabegani, mikono yote miwili imening'inia juu yake. Sijui alikuwapo tangu lini. Nilisimama nikamwinamia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuniangalia. "Manyanda, huyu binti anataka nini huku chini?"

"Baba, nina daftari," Manyanda alisema. "Nimeandika kila kiota, siku na mahali. Nataka kumpa."

"Ulificha kwa nini?"

"Ili tusihame."

"Ulificha vizuri. Endelea kuficha." Mzee alizungumza taratibu, kama anayefundisha kufunga fundo. "Ukiwaonyesha watu kitu chako kizuri, wanakuja kukiangalia. Wakimaliza kukiangalia, wanakuuliza wewe unafanya nini karibu nacho."

"Baba," nikasema, "wameshauliza. Jumatatu watasema mhame. Wanadhani ninyi mnawafukuza wanyama."

Hapo akaniangalia. "Na nikikupa hilo daftari, watasema tubaki?"

Kichwani nilikuwa na jibu tamu, la kumridhisha mkwe. Manyanda alikuwa ananitazama, ananiomba nilitoe.

"Siwezi kuahidi," nikasema. "Naweza kuahidi kompyuta itaambiwa yote. Itakayosema sijui. Inaweza ikasema vibaya zaidi. Na lazima niseme kwamba Manyanda alificha. Nitalisema mbele ya watu, na kazi atapoteza."

"Huyo ndiye unayemuoa," Mzee Ezekia alimwambia mwanawe. "Umpe. Ila ukimpa, mambo yenu mnayamaliza wenyewe, mimi msinitegemee." Akawapigia ndama mluzi, akapanda nao.

Manyanda alibaki amesimama. Kisha akapanda nyumbani, nikasikia mlango, nikamsikia mama yake akimuuliza kitu kwa Kisukuma. Aliporudi alikuwa na daftari la shule, jalada limefungwa kwa mfuko wa nailoni. Alinipa kwa mikono miwili.

"Chukua," alisema.

"Siyo hivyo. Twende tukavione vyote, kimoja kimoja. Nipime mwenyewe."

"Huniamini."

"Leo, hapana."

Aliitikia kwa kichwa, akatangulia.

Tulitembea siku nzima. Yeye anaonyesha, mimi napima. Urefu wa mti, jina la mti, umbali wa nyumba. Vingine vilikuwa vimebomoka vimebaki vijiti viwili, na hivyo nilivikataa, naye hakubisha. Mahali pa kuvuka alinyoosha mkono, nikaushika, na nilipofika ng'ambo nikauachia haraka kuliko nilivyotaka. Saa saba mama yake alitukuta mtoni. Alikuwa na viazi na maji ya kunywa.

"Mwadila, mayo," nikamwamkia. Ni salamu ya Kisukuma ya kumwamkia mama, aliyonifundisha yeye mwenyewe.

"Mwadila." Alinipa kiazi kikubwa. Alikuwa ameshaambiwa yote, nilijua kwa namna alivyokuwa hanitazami usoni. "Mimi ndiye niliyekataza miti hii isikatwe," alisema. "Ezekia alitaka kufyeka apande mpunga mpaka majini. Nikamwambia, kijito kikikauka tunahama tena, na mara hii mimi sihami. Akaacha upande huu, akafyeka kule juu tu." Akainuka, akapangusa khanga yake. "Andika na hilo."

Niliandika.

Ilipofika saa kumi na mbili kasoro tulikuwa tumebakiwa na mti mmoja, ule wa karibu kabisa na boma. Nilikuwa nimeshika kalamu Manyanda aliponigusa bega. Sikusikia kitu. Halafu nikasikia: tawi linavunjika, taratibu, kwa makusudi.

Alikuwa sokwe jike, na mtoto amemng'ang'ania tumboni. Miaka mitatu nimewachora, na nilikuwa sijawahi kumwona hata mmoja. Alivuta tawi, akalikalia, akavuta lingine. Kule bomani mama Manyanda alikuwa anatwanga, na kila mchi ulipopiga kinu nilisubiri sokwe ashtuke. Hakushtuka. Alipiga majani mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayelainisha mto, akajilaza, akamweka mwanawe kifuani.

Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Manyanda alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

"Mita ngapi?" nikanong'ona.

Aliangalia kifaa. "Mia moja na arobaini."

Nilitaka kuegemea bega lake. Nilitaka pia kulipiga. Sikufanya lolote kati ya hayo; niliandika mia moja na arobaini.

Jumapili nilishinda ofisini peke yangu. Niliiambia kompyuta yote. Viota thelathini na sita nilivyovikubali, ukanda wa miti wa mama Manyanda, mashamba. Ramani ilipotokea nilikaa naiangalia mpaka chai ikapoa. Wekundu uliokuwa umezizunguka zile nyumba ulikuwa umenywea. Kijani kilikuwa kimefuata kijito, kimepita ubavuni mwa nyumba na kutokea upande wa pili. Kilikatika mahali pamoja tu, kule juu, kwenye shamba la mpunga la Mzee Ezekia. Nyumba zingeweza kubaki. Shamba lile lingepaswa kurudi kuwa msitu.

Jioni ile nikampelekea Dokta Ladislas, akasoma karatasi zangu amesimama. "Umeniletea aibu siku moja kabla ya kikao."

"Ingekuwa aibu zaidi siku moja baada ya kikao, Dokta."

Alivua miwani, akaivaa tena. "Utasimama wewe useme. Na huyo kijana aje."

Manyanda alikuja. Jumatatu saa nne alikuwa amekaa mstari wa mbele, shati jeupe, viatu vimepigwa kiwi. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa vijijini na wa ofisini. Nilipofika kwenye sehemu yake nilifungua ukurasa, na kabla sijaanza kuusoma yeye alikuwa ameshasimama.

"Naitwa Manyanda Ezekia," alisema. "Nilikuta viota Mulwele nikavificha miaka mitatu. Yeye hakujua. Nilifikiri nawalinda wazazi wangu. Nimekosea, na ramani ya kwanza ilikosea kwa sababu yangu. Hii ya leo aliyoipima yeye ni ya kweli, hata pale inapotuuma."

Watu waliguna. Dokta Ladislas alinyoosha mkono bila kusema, na Manyanda akatoa GPS mfukoni akaiweka kwenye kiganja chake. Kisha akatoka mlangoni, mgongo umenyooka. Kila kitu ndani yangu kilitaka kumfuata. Nikageukia kioo cha kompyuta, nikaendelea kusoma umbali wa viota kutoka kwenye nyumba, namba baada ya namba. Kazi ile alikuwa ameilipia kwa jina lake, nisingeiacha nusu.

Kikao hakikuamua siku ile. Kilisema kaya zisihamishwe kwanza, wataalamu waende Mulwele wakaone kwa macho, shamba la juu lizungumzwe na mwenyewe. Kwangu ilitosha kupumua.

Nilimkuta nje, ameegemea ukuta.

"Wamechukua GPS," alisema.

"Niliona."

"Sina kazi, Resti."

"Najua."

"Na wewe je? Unaniacha?"

Nilimtazama, lile vumbi la kope zake safari hii halikuwepo. "Bado nina hasira na wewe," nikamwambia. "Na aibu ya ule ugali wa mama yako bado ninayo. Lakini hasira yangu nataka niwe nayo ukiwa karibu. Ukiwa mbali siwezi kukaa."

Alicheka kidogo, akauficha uso wake kwa mkono, na mabega yakamtikisika. Niliushusha ule mkono nikaushika, na mara hii sikuuachia.

Mtu akakohoa. Mzee Ezekia alikuwa anatoka ukumbini na watu wa mwisho, koti limemfika magotini. Alikuwa amekuja na basi la alfajiri, akakaa nyuma kabisa, wala hatukumwona.

"Lile shamba la juu," aliniambia bila salamu, "lina mpunga. Litavunwa kwanza."

"Ndiyo, baba."

"Halafu tutaongea." Alimwangalia mwanawe kwa muda mrefu. "Umesema jina langu mbele ya watu wote hawa."

"Nisamehe, baba."

"Ulilisema bila kutetemeka." Akanigeukia. "Kwa mama yako ni mbali?"

Nikamwonyesha njia ya Makanyagio. "Siyo mbali. Lakini mama hatafurahi kukuona, baba. Hajakubali."

"Hata mimi sijakubali," alisema Mzee Ezekia, na akafunga kifungo cha juu cha koti. "Tutakuwa na la kuanzia mazungumzo. Tangulia."

Nikatangulia.